Jina Nililomwandikia Bibi

Alhamisi, kabla ya giza. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika mchana, na sasa inaanza tena kugonga mabati. Shuleni sikwenda. Jana pia sikwenda, na leo kulikuwa na jaribio la hesabu.

Nimechoka. Miguu imechoka kwa kupanda na kushuka njia ya bandari, na mdomo umechoka pia, kwa sababu leo umesema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Darasani wananiita Bubu. Wangenisikia asubuhi hii wasingeamini.

Kosa lilikuwa langu. Naliandika hapa juu, peke yake, nisije nikalizungukazunguka hadi ukurasa uishe.

Mama ana mimba ya miezi minane. Mimba mbili zilizotangulia hazikukaa, na mimi ndiye mtoto pekee wa Mama na Papa. Safari hii masista wa zahanati walimwambia alale tu: asibebe ndoo, asitwange, asipande kilima. Yeye ambaye hajui hata kula akiwa amekaa. Wiki ya kwanza ya kulala alisema jambo moja: "Nataka mama yangu." Mtu mzima, mwenye mtoto wa miaka kumi na mitano, alisema vile kama mtu aliyepotea sokoni. Papa alitoka nje, akasimama barazani muda mrefu. Aliporudi akasema, "Basi. Tutamuita."

Mama yake Mama yuko Kigoma. Siku za hewa safi milima ya ng'ambo ya ziwa tunaiona kutoka hapa Kalemie, ya buluu, karibu kabisa. Mtu angedhani kumwita mtu wa ng'ambo ni kupaza sauti tu.

Kumbe kuingia Zaire ni kazi ya miezi. Bibi alitakiwa awe na paspoti, akaingoja kule kwao mpaka tukadhani wameisahau. Alitakiwa viza, na viza ikataka picha nne, kichwa wazi bila kitambaa. Za kwanza zikakataliwa kwa sababu masikio hayakuonekana vizuri. Alitakiwa kadi ya manjano ya chanjo, na sindano iwe imepigwa siku kumi kabla ya kufika. Siku tisa hazitoshi. Halafu upande wetu, mwenyeji, yaani Papa, alitakiwa kutoa karatasi ya kusema: mgeni huyu ni wangu, atalala kwangu, atakula kwangu, akiugua nitamtibu, siku zake zikiisha nitamrudisha mwenyewe melini. Kwa Kifaransa inaitwa prise en charge. Inapigwa mashini na daktilo, mpiga chapa wa ofisi ya zoni, yaani wilaya, komisari wa zoni anatia sahihi, na muhuri lazima ukanyage sahihi, usikae pembeni. Ukiwa na viza bila karatasi ile, meli itakushusha lakini bandari haitakupokea.

Papa ni fundi wa reli. Alisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri, akaacha. Kiswahili anakisoma bila shida. Kifaransa anakisoma kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe, neno hili anakanyaga, lile anaruka. Akaniita mezani.

"Feza, weye njo unajua Kifaransa ya karatasi. Andika, daktilo atapiga."

Nilifurahi, nakiri. Mimi ambaye siwezi kumsalimu jirani bila kuangalia vidole vya miguu, nikiwa na kalamu ninakuwa mtu mwingine. Niliandika mistari yote kwa mwandiko wa duara, mpaka nikafika kwenye jina la mgeni.

Hapo nikasimama.

Bibi anaitwa Esta Yohana. Kwao ndivyo wanavyoandika: jina lako la ubatizo, halafu la baba yako. Majina mawili, yote ya kanisani. Na mimi tangu nimeanza shule nimefundishwa kwamba jina la namna hiyo haliandikwi kwenye karatasi ya Zaire, Rais ameyakataza majina ya kizungu. Mimi mwenyewe padri alinibatiza Anjela, lakini Anjela anaishia mlangoni mwa kanisa. Kuanzia pale nje ni Feza. Mwaka juzi rafiki yangu wa dawati aliandika Jozefina juu ya karatasi ya mtihani, kwa kusahau tu, mwalimu akaichana mbele yetu. "Jina ya mukoloni, pointi ya mukoloni: ziro." Sasa mimi niandike Esta Yohana, barua iende kwa komisari mwenyewe, isomwe chini ya picha ya Rais? Niliiona ikichanwa. Nilimwona Papa akiitwa kuulizwa ni mtu wa namna gani huyu anayeingiza majina ya zamani nchini.

Kwa hiyo nikamtafutia Bibi jina lililo safi. Mama aliwahi kunisimulia kwamba Bibi alizaliwa pacha, akatangulia yeye, na kwao pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Babu yake Bibi aliitwa Gwasa. Nikaandika: Bukuru wa Gwasa. Nikaliangalia. Lilikuwa jina zuri, lenye "wa" katikati kama majina ya wakubwa redioni. Sikumuuliza mtu. Papa alipita juu yake bila kusimama, alidhani ndivyo paspoti inavyosema. Yeye miaka yote anamwita Mama Mukwe, basi. Mama alikuwa amelala. Nilipeleka karatasi zoni mimi mwenyewe, ikarudi na sahihi na muhuri, ikafungiwa sandukuni.

Sasa kuna kitu ambacho ni kigumu zaidi kuandika. Daktilo wa zoni anaitwa Papa Mulamba, mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, anapiga mashini kwa vidole viwili. Siku ile alipofika kwenye jina alisimamisha vidole hewani akaniuliza, "Mutoto, hii jina njo hivi kweli? Njo iko kwa paspoti?"

Nikatikisa kichwa kuitikia. Paspoti sikuwa nimeiona hata siku moja.

Jana asubuhi meli ikafika. Ziwa lilikuwa limechafuka, abiria walishuka wakiwa na nyuso za majivu. Papa alivaa suti yake ya sikukuu, abakosti. Wenyeji wote tulikuwa tumetoa karatasi zetu kwa mkubwa wa biro ya wageni, kijana bado, mwenye kalamu ya bic sikioni, naye akawa anasoma majina kwa sauti: anayeitwa anasogea na paspoti yake, anapigwa muhuri, anapita.

"Bukuru wa Gwasa!"

Hakuna aliyesogea.

"Bukuru! Bukuru wa Gwasa!"

Bibi alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake, hatua tano kutoka kwa mkubwa. Nilimtambua mara moja, ni Mama aliyezeeka. Aliinua kichwa, akaangalia huku na huku kama mtu aliyesikia redio ya jirani, akakiinamisha tena. Mara ya tatu mkubwa alipoita, watu walikuwa wameisha kwenye mstari, amebaki yeye.

"Weye mama, jina yako nani?"

"Esta Yohana, baba."

"Esta hapa sina. Niko na Bukuru."

Papa akapaza sauti kutoka nyuma ya kamba. "Njo yeye huyo! Njo mama mukwe wangu!"

"Sitwayen, ngoja." Serikalini kila mtu ni Sitwayen, raia. Mkubwa alishika karatasi mkono huu na paspoti mkono ule. "Weye umeita muntu mumoja, meli imeleta mwingine. Huyu uliyeita iko wapi?"

"Mamba amemukula!" akasema mwanamke mmoja mwenye kapu la samaki wa ndakala, na watu wakacheka. Kwa uchovu wa kungoja wangecheka chochote.

Bibi akasema taratibu, "Bukuru ni mimi, baba. Lakini nani amekwambia jina hilo?"

"Sasa weye njo bote babili? Esta na Bukuru, bamefika na tikiti moja?"

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nyuma ya Papa. Nilikuwa ninajua, tangu alipoita mara ya kwanza nilikuwa ninajua. Sikusema kitu.

Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Papa alijaribu kumwongelesha pembeni, akakataa kwa mikono miwili. "Papa, wiki hii kuna wakaguzi kutoka Lubumbashi. Hata chai sinywi." Akaeleza: mgeni atalala kwenye chumba cha wasafiri pale bandarini. Meli inarudi Kigoma Ijumaa alfajiri. Karatasi ikinyooka kabla ya hapo, ataingia. Isiponyooka, atarudi na meli hiyo.

"Komisari njo alitia sahihi. Muambieni atie ingine," mkubwa akasema.

Komisari yuko Moba mpaka wiki ijayo.

Papa aliisoma ile karatasi palepale, safari hii neno kwa neno, mdomo ukitembea. Kisha akanyanyua uso. "Njo daktilo! Yule mulevi wa zoni!"

Nilimfuata nikiwa karibu kukimbia. Ningeweza kumwambia njiani, barabara ni ndefu. Nilijiambia nitamwambia tukifika kwenye daraja la reli, tukapita daraja. Nilijiambia nitamwambia tukifika mlangoni, tukaingia.

Ofisi ilikuwa imejaa watu. Papa alianza kuongea akiwa bado mlangoni.

"Papa Mulamba! Weye unakunywa lutuku asubuhi, halafu unabatiza mama mukwe wangu!"

Mzee akavua miwani. "Papa Feza, mimi ninapiga ile ninaona."

"Bongo! Uongo tupu! Uliona wapi Bukuru? Mama ya batu iko analala bandarini kama muzigo! Muke yangu iko nyumbani anamungojea, na ile tumbo! Akipoteza hii mutoto, nitakuletea weye kaburi upige na mashini!"

Watu wakaguna. Mkuu wa ofisi akatokea chumba cha ndani, akaangalia karatasi, akasema bila kupandisha sauti, "Papa Mulamba, hii ni mara ya ngapi?" Kumbe yameshatokea mengine, sijui ni yapi. 

Mzee aliniangalia mimi.

Hakuninyooshea kidole. Alisimama tu na miwani mkononi, macho yake madogo bila vioo, akingoja. Alinipa nafasi kubwa kama mlango. Nami nikaangalia mashini, herufi zake zilizochakaa, ile R iliyopinda, nikaendelea kuiangalia mpaka nafasi ikapita. Akavaa miwani yake tena.

Nyumbani Mama aliuliza, "Amefika?" Papa akamwambia mawimbi ni makubwa, meli imechelewa. Kwa hiyo jana nyumba yetu ilikuwa na waongo wawili, na mmoja alikuwa anadanganya kwa upendo. Nilisonga bukari, hakuna aliyeimaliza.

Leo asubuhi tulimpelekea Bibi chai na viazi. Papa alituacha, akaenda kumwona mkubwa, akachelewa sana kurudi. Nikabaki naye kwenye benchi, mvua ikipiga dirisha, makuli wakipakia magunia nje.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Feza? Nilikuacha una miaka sita, huna meno ya mbele. Sasa umekuwa fito." Akamega kiazi. "Baba yako amenisimulia habari za mzee wa mashini. Anasema amelewa. Lakini mlevi gani wa Kalemie anajua kwamba mimi ni Bukuru? Tangu Butoyi wangu alipokufa hakuna aliyeniita hivyo. Jana nilisikia naitwa, nikajua ni usingizi wa melini."



"Ni mimi, Bibi."

Nikamwambia yote, ya mwalimu, ya karatasi iliyochanwa, ya jina zuri, ya kutikisa kichwa. Kumwambia yeye ilikuwa rahisi, sijui kwa nini, labda kwa sababu aliendelea kutafuna.

"Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Na huyo mzee?"

"Anajua."

"Basi wanaojua wamenyamaza, asiyejua ndiye anayepiga kelele." Akajifuta mikono. "Sikiliza. Nikirudishwa, nitarudi, sijafa. Nitamlilia mwanangu niko kwangu. Lakini usiniingize nyumbani kwake nikiwa nimepanda mgongo wa mtu."

 Mlango ukafunguliwa, akaingia mkubwa wa biro, nyuma yake Papa, na nyuma ya Papa, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani kwa ajili ya mvua, Papa Mulamba.

Papa alikuwa na uso wa mtu aliyepata dawa. Mkubwa alikuwa amemwambia kuna njia: aliyekosea akija mwenyewe, akaandika kwamba kosa ni lake na kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, basi patakuwa na karatasi ya kuweka juu ya karatasi, na wakaguzi hawatauliza. Mkuu wa ofisi ya zoni amekubali kumtoa daktilo wake. Na daktilo amekubali kuja.

"Na mimi nikiandika, mukubwa," Papa Mulamba akauliza, "hii karatasi inabaki wapi?"

"Moja hapa, moja kwa dosie yako ya kazi."

"Kwa dosie yangu." Akatikisa kichwa pole pole. "Miaka inabaki miwili nipate pansio."

"Ulipaswa kufikiri mbele ya kunywa," Papa akasema.

Mzee akavuta kiti. Akachukua kalamu.

Hapa lazima niandike ukweli, kwa sababu ndipo ninapojiona vibaya zaidi. Nilihesabu mambo. Akisaini, Bibi anaingia leo, hakuna shaka. Nikisema, sijui. Mimi ni mtoto, sahihi ya mtoto si kitu, mkubwa anaweza kukasirika na kufunga daftari, na kesho alfajiri Bibi yuko melini, na Mama anazaa peke yake, na kama mtoto huyu naye hatakaa nitakuwa mimi niliyechagua. Nilimwaza Mama, miguu yake iliyovimba juu ya mto. Nikaona kunyamaza ni kumpenda Mama. Niliona hivyo kabisa, kwa sekunde ambazo mzee alikuwa anafuta maji kwenye vidole ili asilowanishe karatasi.

Halafu Bibi akakohoa. Kikohozi tu.

Nikasimama nikaanza kuongea, na maneno yakatoka kwa Kifaransa. Ndivyo inavyokuwa nikiogopa. Shuleni tunasimama na kujibu kwa Kifaransa, mikono nyuma. Nilisema kosa si la mzee huyu, ni langu, nimeandika mimi, yeye aliniuliza nami nikamthibitishia uongo. Sentensi zilitoka zimenyooka kama imla.

Mkubwa akanitazama mdomo wazi. Papa akatazama huku na huku. "Anasema nini?"

"Sema Kiswahili," mkubwa akaniambia. "Baba yako asikie."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Kifaransa kilikuwa kinanifunika kama sare. Kwa Kiswahili nilikuwa mimi mwenyewe, Feza, mbele ya baba yangu.

"Papa, njo miye. Miye niliandika Bukuru. Papa Mulamba aliniuliza, nikasema ndiyo."

 Papa akashika ukingo wa meza.

"Na kwa nini ulibadilisha jina ya muntu?" mkubwa akauliza.

"Kwa sababu jina kama lile haliandikwi, Sitwayen. Mwalimu anachana."

"Lakini huyu ni mugeni! Ni Mutanzania!"

"Nilidhani anayeingia kwetu anaingia kama sisi."

Makuli wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakikinga mvua. Hawakucheka. Mkubwa aligeuza macho akaitazama picha ya Rais ukutani, akanitazama mimi, akaitazama tena picha. Nilimwona akitafuta jibu. Akisema nimekosea, amesema nini juu ya amri ya Rais? Akisema sikukosea, huyu mama ni nani? Akaitoa bic sikioni, akajikuna nayo.

"Hii mutoto," akamwambia Papa, "hii mutoto italeta mambo."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kidogo cha puani. "Baba, mimi nilikuwa Bukuru kabla sijawa Esta. Hajadanganya sana. Andika yote mawili twende, mwanangu ananingoja."

Mkubwa alifikiri sana. Mwishowe akasema mtoto hasaini, lakini mtoto anaweza kuandika, na baba yake akasaini chini yake kwamba mtoto ni wake na kosa ni la nyumbani kwake. Na awepo shahidi aliyeona ile barua ya mkono.

"Shahidi njo mimi," Papa Mulamba akasema. Alikuwa bado ameshika kalamu.

Nikaandika. Papa akasaini, akakandamiza mpaka nikadhani atatoboa. Mzee akasaini kama shahidi, kwa utaratibu, akapuliza wino. Mkubwa akapiga muhuri kwenye paspoti, akaandika kitu kwa mkono, akamrudishia Bibi.

"Siku kumi na tano."

"Wengine umewapa mwezi!" Papa akasema.

"Karatasi yenye kiraka, Papa, inapata siku za kiraka. Mukitaka ingine, mukuje na barua ya kuomba."

Nje, Papa na Papa Mulamba walisimama kwenye mvua wakitazamana. Papa akasema, "Basi, Papa Mulamba." Mzee akasema, "Basi." Akajifunika mfuko wake akaenda zake upande wa zoni. Hivyo tu. Papa akabeba kifurushi cha Bibi kichwani akatangulia, na mpaka nyumbani hakugeuka kunitazama.

Mama alipomwona mama yake mlangoni alitaka kuinuka, Bibi akamkemea kabla hata hajamsalimu: "Lala! Nimepigwa sindano na nimepigwa picha nne nije kukuona umelala. Lala hivyo hivyo." Wakalia na kucheka pamoja. Nilikwenda jikoni kwa sababu sikuona kama nina haki ya kusimama pale.

Sasa wako nyuma ya pazia. Bibi anamkanda miguu na kumsimulia harusi na misiba ya miaka tisa. Mama ameniita mara mbili, anajua kila kitu, na alichosema ni, "Ungeniuliza tu, Feza. Nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa." Afadhali angenipiga.

Papa alikaa barazani tangu tulipofika. Nilimsikia akihesabu kwa kunong'ona. Siku kumi na tano. Masista wamesema mtoto bado mwezi mzima. Bibi atafukuzwa na tarehe kabla mtoto hajaja.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo wakati alipoingia. Akaweka paspoti mezani, wazi, mbele yangu. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu bandarini.

"Karatasi."

"Ya nini, Papa?"

"Ya kuomba siku zingine. Andika."

Niliweka daftari hili pembeni nikachukua karatasi safi.  Alisimama nyuma yangu, na nilipofika kwenye jina akaweka kidole chake kinene, chenye mafuta ya gari moshi yasiyotoka, chini ya jina la kwenye paspoti, akakisogeza herufi kwa herufi nami nikafuata. Esta. Yohana.

"Soma."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena. Kisha akasema, "Kesho tunapeleka kwa Papa Mulamba apige. Sisi babili. Weye utasema yako, na miye yangu."

Ofisi ya zoni inafunguliwa saa mbili. Nilimwomba twende mapema, saa moja na nusu, tumkute mzee peke yake anafuta mashini, kabla watu hawajaingia.

Papa akasema hapana. Alimtukana mbele ya watu. Tutangoja watu wajae kwanza.

Naogopa. Nitakwenda.